Utani ni Deni: Historia Fupi ya Kutaniana na Majirani

Kila tunapokutana sisi wanafunzi wa zamani, utani haukosi. Wa Bariadi humtania wa Maswa, kisha wote wawili humgeukia yule aliyeishi Nairobi miaka mingi akarudi na Kiswahili cha huko. Tunacheka, tunakula, tunaagana. Nimeona vema nieleze utani huu umetoka wapi na una kazi gani, hasa kwa faida ya wadogo zetu walioko madarasani.

Tuanze nyumbani. Hata jina letu tumepewa na majirani. "Sukuma" ni kaskazini. Wanyamwezi, walio kusini yetu, ndio waliotuita hivyo. Nasi tukawaita Badakama, watu wa kusini. Katika karne ya 19 walitokea Usukuma waganga wawili hodari wa ngoma, Ngika na Gumha. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha wakaitwa Bagalu. Mpaka leo, baada ya mavuno, vikundi hivi hushindana uwanja mmoja na saa moja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Manju huwaimba wapinzani wake bila huruma. Anayeimbwa hakimbilii rungu. Hutunga wimbo wa kujibu.

Katika karne hiyohiyo wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walisafiri kwa miguu hadi pwani. Njiani walihitaji maji, chakula na mahali pa kulala katika nchi za watu. Misafara hiyo, pamoja na vita vya zamani vilivyokwisha kwa suluhu, ilisaidia kukuza utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani aliweza kukutukana mbele za watu nawe usikasirike. Lakini ulipofiwa, huyohuyo ndiye aliyekuja kuchimba kaburi, kupika na kuwachekesha wafiwa. Hapo ndipo ilipo siri yake: utani ni deni. Anayekutania anadaiwa msaada.

Sasa tuvuke mpaka. Wakenya na Watanzania hutaniana sana. Sisi husema Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda na kuzikwa Kongo. Utani mzuri, lakini historia inatusuta. Ni katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tenzi nyingi za kale zilitungwa Pate na Lamu. Yote hayo ni Kenya. Na huko Kongo tunakosema kimezikwa, mamilioni ya watu wanakisema kila siku.

Wakenya nao hutuambia kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake wa Ujerumani mlima Kilimanjaro kama zawadi. Hiyo ni hadithi tu. Mpaka ulichorwa kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Wenyeji wa pande zote mbili hawakuulizwa. Kwa hiyo mlima tunaougombania kwa maneno tuligawiwa na wageni.

Katika miaka ya 1970 utani ulipanda hadi kwa wakubwa. Upande wa Tanzania ukasema Kenya ni jamii ya mtu kula mtu. Upande wa Kenya ukajibu kwamba Tanzania mtu hana cha kula. Watu walicheka, lakini deni lilikuwa linakatwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa inavunjika kwa ugomvi wa fedha, reli na ndege, pamoja na uhasama uliofuata Idi Amin kutwaa madaraka Uganda mwaka 1971. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa Novemba 1983. Karibu miaka saba ndugu wa Sirari na Isebania walitengwa na amri, na kwa mtu wa namna hiyo maneno yale hayakuwa utani tena.

Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999, lakini funzo halijakolea. Mwaka 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya walikamatwa nchini mwetu wakanadiwa, na vifaranga 6,400 wakateketezwa Namanga. Sheria ilitajwa, na sheria ni lazima iheshimiwe. Lakini sisi wa Simiyu, ambao ng'ombe kwetu ni mahari, ni akiba na ni heshima, tunajua mwenye ng'ombe wale alilala na moyo wa namna gani. Siku kama hiyo mtani haendi kucheka.

Wadogo zetu, mtakutana na Wakenya, Waganda na Wakongo vyuoni na kazini. Watanieni, nao wawatanie, msinune. Ila kwanza jifunzeni historia, msije mkachekwa kwa haki. Na kila mnapomcheka jirani, jiulizeni kama siku ya msiba wake mtakwenda kushika jembe. Kama jibu ni hapana, basi hilo ni tusi.