Kombe lililowekwa rehani: Kombe la FA, msimu wa 1999–2000

Darlington, klabu ya daraja la nne, ilifungwa na Gillingham mabao 3-1 katika raundi ya pili ya Kombe la FA msimu wa 1999–2000. Katika mashindano ya mtoano aliyefungwa hurudi nyumbani, na sheria hiyo fupi ndiyo inayoyatofautisha na ligi. Darlington hawakurudi. Timu 20 zilizotolewa katika raundi ile ziliingizwa kwenye droo maalumu, jina lao likatoka, wakapelekwa raundi ya tatu kucheza ugenini na Aston Villa. Kiti walichokalia kilikuwa cha bingwa mtetezi. Manchester United walikuwa wametwaa kombe hilo Mei 1999 kwa kuifunga Newcastle 2-0, na siku nne baadaye wakaishinda Bayern Munich mjini Barcelona na kukamilisha mataji matatu kwa msimu mmoja. Lakini mwishoni mwa Juni walitangaza kwamba kombe lile hawatalitetea. Januari wangekuwa Brazil, kwenye michuano mipya ya FIFA ya klabu bingwa za dunia.

Tangu hapo msimu ule umekuwa ukisimuliwa kama mwanzo wa kufa kwa Kombe la FA, na mshitakiwa amekuwa mmoja: klabu kubwa iliyoyapa kisogo mashindano makongwe kuliko yote ya soka duniani, yaliyoanza mwaka 1871. Nadhani hukumu hiyo imewabebesha Manchester United mzigo ambao sehemu kubwa yake ni ya wengine, na tena imekosea hata katika kuutambua ugonjwa. Uwanjani mashindano yalikuwa na uhai mwingi mwaka ule. Kilichovunjika ni amana. Chama cha Soka cha Uingereza, FA, mlinzi wa kombe, kilikubali kuliweka rehani ili kipate kitu kingine, na klabu ndogo, ambazo ndizo zinazolihitaji zaidi, hazikuwa na sauti katika biashara hiyo.

Kitu chenyewe kilikuwa uenyeji wa Kombe la Dunia la mwaka 2006. Uingereza ilikuwa inauomba, FIFA ndiyo iliyokuwa na kura, na michuano ya Brazil ilikuwa mradi wa FIFA. Hofu iliyokuwapo London ni kwamba bingwa wa Ulaya akikataa kwenda, wapiga kura watachukia. Kwa hiyo FA na serikali waliwasukuma United wakubali safari, na kwa kuwa raundi ya nne ilipangwa Januari 8 wakati timu ikiwa Rio de Janeiro, njia iliyochaguliwa ni kuwaruhusu wajitoe kabisa. Serikali yenyewe haikuwa na kauli moja. Tony Banks, aliyekuwa waziri wa michezo, aliacha wizara akawa mjumbe wa serikali katika kampeni ya kuomba uenyeji. Kate Hoey, aliyemrithi, aliukosoa hadharani uamuzi wa kutolitetea kombe. Mwaka mmoja baadaye, Julai 6, 2000, wajumbe 24 wa kamati kuu ya FIFA walipiga kura mjini Zürich. Uingereza ilipata kura 5 katika duru ya kwanza, ikashuka hadi 2 katika duru ya pili na kutolewa. Ujerumani iliishinda Afrika Kusini kwa kura 12 dhidi ya 11, matokeo yaliyoliumiza bara letu kuliko yalivyoiumiza London. Mbele ya kura 2 ni vigumu kusema kwamba safari ya Brazil ilinunua chochote.

Mtu atasema, na ana haki ya kusema, kwamba United hawakufungwa kamba. Ilikuwa klabu tajiri yenye hisa sokoni, yenye wanasheria na yenye kocha, Alex Ferguson, asiyekuwa mwepesi wa kuburutwa. Wangeweza kupeleka kikosi cha vijana kwenye raundi ya tatu na ya nne, wafungwe kwa heshima, yaishe. Tena safari iliwafaa. Walitoka sare ya 1-1 na Necaxa ya Mexico, wakafungwa 3-1 na Vasco da Gama uwanjani Maracanã, wakaishinda South Melbourne 2-0 na kutolewa kwenye makundi. Lakini walirudi wamepumzika, na wakatwaa ligi kwa pointi 91, wakiwaacha Arsenal kwa pointi 18. Sehemu ya lawama ni yao, na Ferguson mwenyewe baadaye alikiri kuujutia uamuzi ule. Hata hivyo, klabu kutazama maslahi yake si jambo geni; chama kinakuwepo ili pawe na mtu wa kuikatalia. Mwenye klabu akiomba ruhusa ya kuruka mashindano, jibu linatoka kwa mwenye mashindano. Safari hii mwenye mashindano ndiye aliyefungua mlango na kuwahimiza watoke.

Na walichokiacha nyuma hakikuwa maiti. Jumamosi ileile ya Januari 8, wakati Romário na Edmundo wakiwaadhibu United kule Rio, Tranmere Rovers ya daraja la pili, chini ya John Aldridge, iliitoa Sunderland ya Ligi Kuu kwa bao 1-0. Tayari ilikuwa imeitoa West Ham kwa matokeo kama hayo. Ikaenda kwa Fulham ikashinda 2-1, na ilihitaji Newcastle kuisimamisha katika robo fainali, kwa mabao 3-2. Gillingham, ambao walikuwa daraja la tatu, walizifunga klabu mbili za Ligi Kuu mfululizo, Bradford City na Sheffield Wednesday, zote 3-1, kabla ya Chelsea kuwafunga 5-0. Bolton ya daraja la pili ilifika nusu fainali Wembley, ikaibana Aston Villa 0-0 kwa dakika 120 na kutolewa kwa mikwaju ya penalti. Ukiyapanga haya pamoja unapata msimu ambao mpenzi yeyote wa kombe angeutaka. Darlington nao, wale waliookolewa na droo, walifungwa Villa Park kwa tofauti ya bao moja tu, 2-1, na timu iliyokwenda hadi fainali.

Hoja nyingine hulenga bingwa: kwamba Chelsea walishinda kombe lenye pengo. Fainali ya Mei 20, 2000, ya mwisho katika Wembley ya zamani iliyofunguliwa mwaka 1923, haikuwa nzuri. Kipa wa Villa, David James, alishindwa kuudaka mpira wa adhabu wa Gianfranco Zola, Roberto Di Matteo akaupiga wavuni dakika ya 73, na Dennis Wise akapanda kulipokea kombe akiwa amempakata mwanawe mchanga. Lakini ubora wa fainali moja haupimi thamani ya taji. Mashindano ya mtoano hayamtaki bingwa amfunge kila mtu; yanamtaka amfunge kila aliyepangiwa. Bingwa wa mwaka wowote amekwepa wakali kadhaa waliotolewa na wengine. Na kama kuna klabu ambayo haiwezi kuambiwa kwamba iliponea kwa United kutokuwepo, ni Chelsea hiyo, iliyowafunga United 5-0 katika ligi Oktoba 1999. Villa kwa upande wao walikuwa wamewatoa Leeds 3-2, timu iliyomaliza ya tatu katika ligi. Pengo lilikuwepo, ila halikuipa timu yoyote njia ya mteremko.

Hoja nzito kuliko zote ni ya wale wanaoshikilia tarehe: kabla ya 2000 kombe lilikuwa zima, baada ya hapo likaanza kuporomoka. Orodha ya mabingwa haikubaliani nao. Sunderland mwaka 1973, Southampton 1976 na West Ham 1980 walilitwaa wakiwa daraja la pili, na tangu West Ham hakuna klabu ya nje ya daraja la juu iliyorudia. Katika miaka 12 ya 1984 hadi 1995 kombe lilizunguka kwa klabu 7, zikiwemo Coventry na Wimbledon. Katika miaka 12 iliyofuata, 1996 hadi 2007, liligawanywa na klabu 4 tu: Manchester United, Arsenal, Chelsea na Liverpool. Mlango, basi, ulianza kufungwa miaka mitatu kabla ya tangazo la Juni 1999, na ukuta uliozidi kupanda ni wa fedha za televisheni za Ligi Kuu iliyoanzishwa mwaka 1992 na za Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mkataba wa Ligi Kuu na BSkyB uliosainiwa mwaka 1996 ulikuwa wa pauni milioni 670 kwa miaka minne. Ule wa mwaka 2000 ulizidi bilioni moja kwa miaka mitatu. Kocha anayeona hesabu hizo hupumzisha wachezaji wake siku ya kombe, na kwa upande wake hajakosea. Portsmouth 2008, Wigan 2013, Leicester 2021 na Crystal Palace 2025 wameonyesha kwamba mlango haujapigwa kufuli, lakini wote hao walikuwa Ligi Kuu walipolitwaa.

Kinachoufanya msimu wa 1999–2000 uwe wa kukumbukwa, kwa hiyo, ni namna uamuzi ulivyofanyika, kwa sababu namna hiyo imejirudia. Msimu huohuo, bila kelele nyingi, nusu fainali ziliacha kuwa na mechi za marudiano. Nusu fainali ya mwisho kurudiwa ilikuwa ya Aprili 1999, pale Ryan Giggs alipoikokota Arsenal nzima na kufunga bao ambalo bado linaonyeshwa; bila marudiano bao lile lisingekuwepo, na mwaka mmoja baadaye Bolton walitolewa kwa penalti bila kupata siku ya pili. Aprili 2024 FA na Ligi Kuu walitangaza makubaliano ya kuondoa marudiano yote kuanzia raundi ya kwanza, kwa sababu ya msongamano wa mechi za klabu kubwa. Bodi inayosimamia madaraja ya chini ililalamika kwamba klabu zake hazikushauriwa. Sababu ya malalamiko ni ya mezani kabisa: mapato ya kiingilio hugawanywa kati ya timu mbili, na marudiano huzaa mgawo wa pili. Januari 2005 Exeter City, waliokuwa nje ya madaraja manne ya juu na wakilemewa na madeni, walitoka 0-0 na Manchester United ugenini Old Trafford. United wakasafiri hadi Exeter kwa marudiano, wakashinda 2-0, na mapato ya mechi hizo mbili yakaisaidia klabu ile, ambayo ni mali ya mashabiki wake, kulipa madeni ikabaki hai. Kwa kanuni za leo sare ile ingeamuliwa palepale Old Trafford, na Exeter wasingekuwa na tiketi za kuuza.