Flashi haikufa: historia ya mnyoo uliozunguka birotiki za Lubumbashi

Mtu anapeleka flashi kwenye birotiki ili achapishe bilteni ya mtoto. Ordinateri inaifungua, na pahali pa folda panaonekana alama ndogo yenye mshale, ao hapaonekani kitu. Mwenye birotiki anasema: « Flashi imekufa, tuifomati. » Kwa familia iliyokimbia vita Mitwaba, Pweto ao Manono, flashi hiyo inaweza kuwa ndiyo pahali pekee palipobaki cheti cha kuzaliwa, diploma na picha za marehemu. Kuifomati ni kuvizika mara ya pili, na mara nyingi vilikuwa bado mumo humo, vizima, vimefichwa tu.

Wakaaji wa muji wanaita kila ugonjwa wa ordinateri « virusi ». Lakini virusi hujibandika ndani ya programu ingine na kungoja mtu aifungue. Mnyoo unatembea wenyewe: unajinakili kutoka mashini moja hadi ingine, na flashi kwake ni kama taxi-bus. Unapanda kwenye birotiki ya njia ya Kasapa karibu na UNILU, unashuka Katuba jioni.

Mlango uliachwa wazi zamani. Tangu Windows 95, ukiweka CD, ordinateri ilikuwa inasoma faili ndogo iitwayo autorun.inf na kuanzisha programu iliyoandikwa ndani, bila mtu kubonyeza kitu. Ilikuwa heshima kwa wasiojua mashini. Wenye nia mbaya waliona kwamba faili hiyo inaweza kuwekwa kwenye flashi pia.

Mwezi wa 11 mwaka 2008 ulitokea mnyoo ulioitwa Conficker. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa ya tundu ulilopitia, tarehe 23 mwezi wa 10, lakini mashini nyingi hazikuipokea. Mwisho wa mwaka huo ilikuja aina ya pili, iliyojua kupanda flashi. Ilijificha ndani ya folda iliyojiita RECYCLER, kama pipa la takataka, na kwenye dirisha linalotokea ukiweka flashi ilichora folda ya uongo: mtu anafikiri anafungua faili zake, kumbe anafungua mlango. Uligusa mamilioni ya ordinateri katika inchi zaidi ya 190. Mwezi wa kwanza 2009 uliingia hata katika mtandao wa jeshi la majini la Ufaransa. Kwa hiyo wanaosema huu ni ugonjwa wa ordinateri za maskini wakumbuke hilo.

Lakini ni kweli kwamba huku kwetu ulipata nyumba nzuri. Kongo iliunganishwa na kebo ya baharini ya WACS, kule Muanda, mwaka 2013 tu. Mbele ya hapo intaneti ilipita zaidi kwa satelaiti, na ilikuwa bei kali. Antivirusi isiyopata intaneti inazeeka upesi, na Windows ya kunakili haipokei dawa vizuri. Muziki, filamu, kozi za chuo, ripoti za ofisi, vyote vilitembea kwa flashi. Hata baadaye, serikali ilipokata intaneti tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, kwa karibu siku 20 baada ya uchaguzi, watu walirudia flashi.

Mwaka 2011 Microsoft ilifunga autorun ya flashi kwenye Windows za zamani. Minyoo ikabadili mbinu. Ule ulioitwa Jenxcus, uliojulikana sana mwaka 2013, unaficha faili za mtu na kuweka pahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibonyeza, faili inafunguka kweli, lakini mnyoo umeamka kwanza. Ndiyo ile alama yenye mshale.

Kuutoa kuna utaratibu, na wengi wanaugeuza. Wanasafisha flashi kwanza, kisha wanairudisha kwenye ordinateri ile ile yenye mnyoo, na baada ya dakika imechafuka tena. Ordinateri ndiyo ya kwanza: antivirusi iliyopata dawa mpya ipitie mashini nzima, na orodha ya programu zinazoanza pamoja na Windows ichunguzwe. Kisha flashi ichunguzwe kwenye mashini safi. Njia za mkato zifutwe bila kuzibonyeza, pamoja na faili za ajabu zenye mwisho wa .vbs ambazo mwenye flashi hakuziweka. Mwishoni, kama flashi imepewa herufi E, kwenye dirisha la amri mtu anaandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Faili zilizofichwa zinarudi kuonekana. Zinakiliwe pahali pengine. Hapo tu, ukitaka, fomati.

Hadithi haikuisha na Windows XP. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Mandiant walieleza juu ya mnyoo wa flashi waliouita Sogu, ambao wengine wanauita PlugX, unaohusishwa na wapelelezi wa China. Waliuona Zimbabwe, Kenya, Tanzania na kwingineko, na birotiki na cyber zilitajwa kati ya pahali unapoambukizia watu. Mwaka huo huo kampuni ya Ufaransa, Sekoia, ililipa dola 7 tu kushika anwani moja ambayo mashini zenye PlugX zilikuwa zinaipigia simu. Ndani ya miezi sita, anwani karibu milioni 2.5 zilipiga.

Mwaka 2024 polisi ya Ufaransa ilianza kutumia njia hiyo kuagiza mnyoo ujifute ndani ya ordinateri. Lakini agizo haliwezi kufikia flashi ambayo siku hiyo haikuchomekwa, iliyo ndani ya sanduku ao mfuko wa nguo, ikingoja birotiki ingine.