Magurudumu Matatu na Mzigo wa Mkulima

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wameandika habari za maghala, mizani na hesabu. Sisi tumepewa sehemu ya uchukuzi, na katika uchukuzi tumechagua chombo kimoja tu, kile kinachojaa uani kwetu kila msimu: guta la injini, yaani pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma. Ndicho kinachotoa pamba na mpunga shambani hadi chama cha msingi siku hizi, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa kichwa, kwa baiskeli na kwa gari la ng'ombe. Tena Mkutano Mkuu umeletewa ombi kwamba wanachama waruhusiwe kufunga matela nyuma ya vyombo hivyo, na kurefusha bodi zake, wanapoleta mazao vituoni. Ombi hilo si dogo, wala si geni duniani. Watu wa nchi nyingine walikwisha kulijaribu jambo hili kabla yetu, na yafaa kujua yaliyowapata kabla hatujanyoosha mikono kupiga kura.

Huenda msomaji akadhani kwamba chombo cha magurudumu matatu ni gari lililopungukiwa gurudumu moja. Sivyo. Gari la mvuke lililoundwa na Mfaransa Nicolas-Joseph Cugnot katika miaka ya 1769 na 1770, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza kwenda kwa nguvu ya mtambo wake lenyewe, lilikuwa na magurudumu matatu, wala halikuundwa kwa kutembeza mabwana mjini bali kwa kuchukua mizinga ya jeshi. Birika lake zito la mvuke lilitundikwa mbele kabisa, kupita gurudumu la mbele, na kwa sababu hiyo chombo kililemea puani na kukigeuza kulikuwa taabu. Hadi leo gari hilo limehifadhiwa Paris katika jumba la Musée des Arts et Métiers. Basi swali la mahali pa kuweka uzito lina umri sawa na gari lenyewe.

Motokaa ya Bwana Karl Benz wa Ujerumani, iliyopewa hataza mwaka 1886, nayo ilikuwa ya magurudumu matatu. Mnamo Agosti 1888 mkewe, Bibi Bertha Benz, aliichukua pamoja na wanawe wawili akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilometa 100. Penye vilima ilibidi waisukume. Penye miteremko breki zililika, akamwendea fundi viatu akampigilia ngozi juu yake. Aliporudi, gia ya nguvu ya kupandia iliongezwa. Na ikumbukwe kwamba Bibi huyo hakuwa na tela, wala hakupakia gunia hata moja.

Lakini habari inayotuhusu zaidi ni ya Uingereza, nasi tutakaa hapo kidogo. Makampuni ya reli ya huko yalikuwa na maelfu ya farasi wa kukokota mikokoteni kati ya stesheni na maduka. Katika miaka ya 1930 yalitaka mashine ya kushika nafasi ya farasi, lakini lori la kawaida halikuweza kugeuka katika nyua nyembamba ambamo farasi aligeuka bila shida. Ndipo kampuni ya Scammell ilipoleta kichwa cha gari cha magurudumu matatu, kilichoitwa Farasi wa Mashine. Kilikuwa cha namna mbili, kimoja cha mzigo wa tani 3 na kingine cha tani 6. Gurudumu moja la mbele lilikiwezesha kugeuka karibu pale pale kiliposimama. Mwaka 1948 kilifuatwa na mdogo wake, Scarab, kilichofanya kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi.

Sasa na tuliangalie tela lake. Halikuning'inia kwenye kulabu nyuma ya gari. Halikuwa na magurudumu ya barabarani upande wa mbele. Pua yake ililala juu ya mgongo wa kile kichwa, karibu na ekseli ya nyuma, na huko ndiko uzito ulikobebwa. Dereva alirudi kinyumenyume, kiungo kikajifunga chenyewe, miguu ya tela ikajikunja, na breki za tela zikaungana na za gari. Tena kichwa kimoja kilihudumia matela kadhaa: moja likipakiwa, jingine likipakuliwa, la tatu likiwa njiani. Faida kubwa ilipatikana hapo. Waingereza hawakuongeza mzigo wa safari moja tu. Waliondoa saa za kungoja.

Waitalia nao walipita njia hiyo. Baada ya vita, kiwanda cha Piaggio kilikuwa kikiunda pikipiki ya Vespa, maana yake nyigu. Mwaka 1948 mhandisi wake, Corradino D'Ascanio, aliigeuza kuwa chombo cha magurudumu matatu chenye sanduku la mzigo, kikaitwa Ape, yaani nyuki, kwa kuwa nyuki ndiye mfanya kazi. Cha kwanza kilibeba kilo 200. Wateja wakataka zaidi, kama wanachama wetu watakavyo. Mwaka 1961 likatolewa Ape la magurudumu matano, lililoitwa Pentarò, likiweza kubeba kilo 700. Lilikuwa kichwa cha magurudumu matatu na tela la magurudumu mawili, na pua ya tela hilo nayo ililala juu ya kichwa. Mafundi wa nchi mbili walifikia jibu moja.

Wajapani walichagua kuikuza bodi yenyewe. Kampuni ya Toyo Kogyo ya Hiroshima, ambayo leo hujulikana kama Mazda, ilianza kuuza guta lake la injini mwaka 1931. Bomu lilipoangushwa juu ya mji huo tarehe 6 Agosti 1945, kiwanda kilikingwa kwa kiasi fulani na kilima cha Hijiyama, na kabla ya mwaka huo kwisha kazi ya kuunda magari hayo ilikuwa imeanza tena. Katika miaka ya 1960 magari yao makubwa ya magurudumu matatu yalibeba tani 2. Lakini mtu asiseme kwamba walichomelea vyuma nyuma wakaishia hapo. Kila bodi ilipokua, injini, ekseli na breki vilikua pamoja nayo, na mikono ya usukani kama ya pikipiki ikaacha nafasi kwa usukani wa duara. Mwishowe gurudumu la nne likaongezwa, na magari yale ya mguu mmoja mbele yakatoweka barabarani.

Kwetu chombo hiki kilifika kwa njia ya India, ambako kampuni ya Bajaj iliunda vyombo vya Piaggio kwa leseni; jina la kampuni limekuwa jina la chombo, tukasema bajaji. Guta lenye bodi wazi lilitujia zaidi kutoka China. Na tela letu limetoka wapi? Twalijua sote. Ni ekseli ya gari bovu, mbao za gari la ng'ombe, na bomba lililochomelewa hadi kwenye kulabu nyuma ya bodi. Breki halina.

Mafiga matatu huinjika chungu vizuri maadamu chungu kimekaa katikati. Tufanye hesabu. Ikiwa kutoka gurudumu la mbele hadi ekseli ya nyuma ni sentimeta 200, na kulabu iko sentimeta 60 nyuma ya ekseli, basi kilo 100 zinazokandamiza kulabu huondoa kilo 30 kwenye gurudumu la mbele. Bodi iliyorefushwa ni mbaya zaidi: magunia matatu ya kilo 100 yakiwekwa sentimeta 100 nyuma ya ekseli huondoa kilo 150. Na gurudumu la mbele ndilo usukani wenyewe. Likiguswa na barabara kwa wepesi kama kidole, dereva hugeuza mikono na chombo kikaenda kitakako. Kwenye mteremko tela lisilo na breki husukuma kutoka nyuma, na kwenye kona husukuma kwa ubavu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa msimu uliopita kwenye mteremko wa mtoni, ambapo kijana aliyeketi juu ya magunia alivunjika mguu, na pamba ya nyumba mbili ikalowa.

Hatuwadharau walioleta ombi. Petroli ni ghali, na safari mbili badala ya moja hula faida ya mkulima mwenye ekari mbili. Lakini tulipoketi na madaftari ya vituo tuliona kwamba guta hutumia saa nyingi zaidi likingoja foleni ya mizani kuliko likiwa njiani. Kwa hiyo Halmashauri haitaomba Mkutano ukatae matela. Itaomba mizani ya pili katika vituo vyenye msongamano. Itaomba bodi zisirefushwe kupita ekseli bali ziinuliwe kingo kwa kiasi, kwa kuwa mzigo mrefu kwenda juu nao huangusha. Na itaomba tela likubaliwe endapo pua yake inalala juu ya ekseli na lina breki yake.

Fundi wa karakana amekwisha chora tela moja la namna hiyo, lenye breki inayovutwa kwa waya kutoka kiti cha dereva. Mchoro umebandikwa ukutani ofisini, upande wa kushoto wa dirisha la malipo. Nafasi ya bei bado ni tupu, maana chuma kinapimwa wiki hii.