Dizeli Angani, Kutoka Detroit Hadi Kasese

Kilichoiangusha dizeli katika ndege ndogo, naamini, ni wingi wa petroli kuliko udhaifu wa injini. Kampuni ya Packard ya Detroit iliirusha yake Marekani mwaka 1928. Ilikula mafuta kidogo, lakini harufu na mtetemo viliwachosha marubani, na petroli ilikuwa rahisi kupatikana. Kasese, Uganda, hoja hiyo haisimami: malori yaendayo Kisinga na Bwera hujaza dizeli katika vituo vya barabarani, ilhali petroli ya ndege haiuzwi katika vituo hivyo.

Watasema dizeli ni nzito, kwani mgandamizo wake mkubwa hudai chuma kinene. Kweli, na kwa anayejiundia ndege kila kilo ina uzito wake. Ila uzito huo unavumilika: injini ya ndege ya Thielert ya Ujerumani, iliyoidhinishwa mwaka 2002, ilitokana na dizeli ya gari la Mercedes, na katika safari ndefu mafuta machache yanayobebwa tangini hufidia sehemu ya uzito huo.