Maji Yasiyo na Mto: Historia ya Mitaro, Kazi na Barabara kutoka Bugeshi hadi Bonde la Sebeya

1.0 Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba yalibomoka, na barabara kuu kadhaa zilifungwa kwa maporomoko ya udongo au kwa madaraja kusombwa. Wilaya ya Rubavu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi, hasa mirenge ya Kanama, Nyundo na Rugerero ambayo Mto Sebeya hupita kabla ya kuingia Ziwa Kivu. Siku moja tu baadaye, ng'ambo ya ziwa hilohilo, mafuriko na maporomoko yaliangamiza vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe, Kivu ya Kusini, na waliokufa huko walipindukia 400.

Maandishi mengi yaliyofuata maafa hayo yamekuwa ya wahandisi, wataalamu wa hali ya hewa na wapangaji wa makazi. Makala haya yanaingilia suala hilo kwa mlango mwingine, yaani historia ya mtaro: nani aliuchimba, kwa amri ya nani, uliitwaje, na maji yake yalitakiwa yaishie wapi. Eneo la kuanzia ni umurenge (kata) wa Bugeshi, kaskazini mwa Rubavu, mpakani na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nimeuchagua Bugeshi kwa sababu hauna mto wa kudumu unaotajwa katika ripoti za mafuriko, na kwa hiyo husahaulika. Hapo ndipo tatizo la mtaro wa barabara linapoonekana wazi kuliko bondeni.

2.0 Nchi mbili katika wilaya moja

Anayesafiri kutoka Musanze kwenda Gisenyi, mji ambao tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 umo ndani ya Wilaya ya Rubavu, hupita kati ya nchi mbili zisizofanana. Upande wa kaskazini ni nchi ya volkano: Bugeshi, Busasamana na Mudende, chini ya kivuli cha Karisimbi yenye urefu wa mita 4,507 na jirani ya Nyiragongo iliyo Kongo. Ardhi yake imejengwa na zaha iliyopoa. Mawe yake yana matundu na nyufa, na mvua ya kawaida huzama mara moja. Ndiyo sababu wakazi wa sehemu hizi, ingawa wanapata mvua nyingi, wamekuwa wakihangaika kupata maji ya kunywa na kutegemea matangi ya kukinga maji ya paa. Upande wa kusini ni nchi ya udongo mzito na miteremko mikali, yenye vijito vingi vinavyokusanyika na kuwa Sebeya.

Tofauti hii haizingatiwi sana katika sera, ambazo huzungumzia "mafuriko ya Rubavu" kana kwamba ni jambo moja. Katika nchi ya zaha, maji huzama mpaka yanaposhindwa kuzama. Mvua ikizidi uwezo wa ardhi, au ardhi ikishindiliwa na kuezekwa, maji hukimbia juu kwa juu katika makorongo ambayo kwa miezi mingi ni makavu na hata hulimwa viazi. Jambo hilohilo limewahi kuonekana upande wa Nyabihu, ambako Bigogwe ilifurika mwezi Septemba 2007, kwenye barabara hiyohiyo ya Musanze na Gisenyi.

Lugha ya Kinyarwanda inalijua jambo hili vizuri kuliko ripoti zetu. Inalo neno umwuzure, kutokana na kitenzi kuzura, yaani kujaa. Na inalo neno umuvu, maji ya mvua yanayokimbia mteremkoni bila kujali mto. Kiswahili Sanifu hutafsiri yote mawili kwa neno mafuriko. Lakini mafuriko yatokana na kufurika, kupita ukingo. Humtaka msomaji awazie kwanza chombo au mto wenye kingo. Umuvu hauna kingo. Bugeshi inapata umuvu bila umwuzure, na mtafsiri anayeandika "hakuna historia ya mafuriko" kuhusu eneo kama hilo anaweza kuwa amesema kweli kisarufi na kumpotosha kabisa mpanga barabara.

3.0 Mtaro kama kazi ya shuruti

Barabara ya mlimani huyakata maji ya mteremko. Maji yaliyokuwa yakishuka kwa kutawanyika hukutana na ukingo wa barabara, hukusanywa mtaroni, kisha hutolewa mahali pamoja kupitia karavati. Kwa hiyo mtaro wa barabara ni nusu tu ya mfumo. Nusu nyingine iko juu yake, shambani. Huko ndiko ilikochimbwa mifereji ya kuzuia mmomonyoko, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa imirwanyasuri. Neno hili limeundwa na kurwanya, kupigana na kitu, na isuri, mmomonyoko wa udongo: mifereji inayopigana na mmomonyoko. Ni jina la kivita, na lilistahili, ingawa vita vyenyewe havikuwa dhidi ya mmomonyoko peke yake.

Chini ya utawala wa Ubelgiji, uliochukua nafasi ya Wajerumani baada ya mwaka 1916, wakulima wa Ruanda-Urundi walilazimishwa kufanya kazi nyingi zisizo na malipo: kufungua na kutunza barabara, kupanda miti, kulima mazao ya akiba, na kuchimba mifereji hiyo mlimani. Kazi hizo ziliitwa akazi. Watafiti wa Kiswahili tuna wajibu wa kulitazama neno hilo kwa macho makavu, kwa sababu ni letu. Ni kazi ya Kiswahili iliyovikwa kiambishi cha Kinyarwanda na kuingia vijijini ikiwa jina la shuruti ya serikali. Leo akazi ni neno la kawaida lenye maana ya ajira, na mtu hulitamka bila uchungu wowote. Hata hivyo, kwa kizazi kilichochimba mifereji ya miaka ya 1940 na 1950, barabara na mfereji wa mlimani vilikuwa mzigo mmoja, chini ya msimamizi mmoja na adhabu moja.

Matokeo yake yalionekana uhuru ulipokuja. Mifereji mingi iliachwa ijae udongo, na mingine ilifukiwa na wenye mashamba. Wachunguzi wa nje waliiona hali hiyo kuwa uzembe au ujinga. Mimi naiona kuwa hukumu ya kisiasa iliyokuwa na sababu zake, na haikutolewa Rwanda peke yake. Katika Milima ya Uluguru, Tanganyika, amri ya kuchimba matuta ilizua ghasia mwaka 1955, mtu mmoja akapigwa risasi na kufa, na mpango wenyewe ukafa. Murang'a nchini Kenya, wanawake waliacha kuchimba matuta miaka ya 1947 na 1948. Kila mahali, hoja ya mtaalamu wa udongo ilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, na kila mahali ilishindwa kwa sababu ya jinsi kazi ilivyogawanywa.

Serikali ya Rwanda ilirejea kwenye mifereji hiyo kupitia umuganda, kazi ya pamoja iliyoanzishwa rasmi miaka ya 1970 na kufufuliwa baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, mifereji huzibuliwa na mingine huchimbwa. Hakuna shaka kwamba umuganda umefanya mengi. Swali la mwanahistoria ni jingine: mfereji unaozibuliwa na jamii nzima siku moja kwa mwezi unatunzwa na nani siku nyingine? Mvua ya Mei 2023 haikungoja Jumamosi.

4.0 Gishwati, na maji yaliyobadilika

Sebeya huanzia katika miinuko ya Rutsiro, mahali palipokuwa na msitu wa Gishwati. Msitu huo, uliokuwa na makumi ya maelfu ya hekta, ulianza kumegwa kwa kilimo, kisha miaka ya 1980 sehemu yake kubwa ikageuzwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari kwa mradi uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Baada ya mwaka 1994 ukapokea wakimbizi waliorejea nchini bila ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulibaki hekta 600 hivi. Wachimbaji wa madini katika vijito vya juu waliongeza udongo majini, na maji ya Sebeya yakawa na rangi ya kahawia karibu mwaka mzima, jambo ambalo wasimamizi wa mitambo ya umeme na ya maji ya kunywa ya Gihira wanalifahamu kwa gharama zake.

Hapa hesabu ya wahandisi inasaidia. Kanuni wanayotumia kukadiria maji yatakayofika kwenye karavati ilielezwa na Mulvany wa Ireland mwaka 1851 na kupelekwa Marekani na Kuichling mwaka 1889. Inazidisha vitu vitatu: eneo, ukali wa mvua, na sehemu ya mvua isiyozama ardhini. Chukua hekta moja na mvua ya milimita 60 kwa saa. Ikiwa ni msitu, ambapo moja ya tano tu ya maji hukimbia, karavati litapokea lita 33 kwa sekunde. Hekta hiyohiyo ikifunikwa na mabati, lami na uwanja ulioshindiliwa, ambapo nne ya tano hukimbia, litapokea lita 133. Mvua haikubadilika hata tone. Karavati lililowekwa zama za msitu lilikuwa sahihi siku lilipowekwa. Nchi iliyo juu yake ndiyo iliyobadilika.

Zaidi ya hayo, hesabu hiyo hudhani maji matupu. Umuvu wa Rubavu hubeba udongo, mawe, migomba na mabati. Karavati huziba kabla ya kujaa, na barabara iliyoinuliwa hugeuka bwawa ambalo halikukusudiwa na mtu yeyote. Nadhani hili lingepaswa kupewa uzito zaidi kuliko mjadala wa mvua ya miaka 50 au 100, ambao mara nyingi hutumika kuahirisha kazi ya kuzibua.

5.0 Jangwani: mfano wa pwani

Kwa wasomaji wa Tanzania, ulinganisho wa karibu ni Jangwani, Dar es Salaam, mahali Barabara ya Morogoro inapovuka Bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Hata hivyo, karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza huduma mwaka 2016, ilijengwa palepale Jangwani, ikafurika mara kwa mara. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kulirekebisha bonde hilo, pamoja na daraja jipya na kuhamisha karakana. Ninautaja mfano huu kwa jambo moja: kilichohamishwa kwanza ni watu, na kilichopewa nafasi yao ni miundombinu ya umma. Rubavu nako, baada ya Mei 2023, familia zilizokuwa kando ya Sebeya zilitakiwa kuhama. Kinachojengwa kando ya mto huo baadaye kinastahili kuulizwa swali lilelile.

6.0 Maji yakishavuka barabara

Kwa sasa barabara kuu za Rwanda zipo chini ya mamlaka ya maendeleo ya uchukuzi (RTDA), mito na mabonde chini ya bodi ya rasilimali za maji (RWB), na maafa chini ya wizara yake. Katika Sebeya, bodi hiyo, kwa msaada wa Uholanzi na shirika la IUCN, ilifanya kazi ya kupanga bonde zima: miti na matuta juu, kingo na kuta za kupunguza kasi chini. Huo ni mwelekeo sahihi, na uliwezekana kwa sababu Sebeya ni mto wenye jina na bonde linalochoreka kwenye ramani.

Bugeshi haina bahati hiyo. Barabara inayopanda huko inakusanya maji ambayo zamani yalizama kwenye zaha, na kuyatoa karavati kwa karavati upande wa chini. Hayana mto wa kuyapokea. Hifadhi ya barabara huishia hatua chache baada ya mdomo wa karavati, na kuanzia hapo maji huingia shamba la mtu. Sheria ya mwaka 2015 ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma humlipa mwenye shamba kwa ardhi inayochukuliwa na barabara. Ardhi inayochukuliwa na maji ya barabara, mwaka baada ya mwaka, ni habari nyingine. Mashimo ya kuzamisha maji, yenye kuta za mawe yaleyale ya zaha, yangefaa sana katika nchi hii inayonyonya, lakini shimo la namna hiyo huziba kwa udongo lisipotunzwa, na mtunzaji wake lazima alipwe na bajeti ya barabara, si kuombwa kwa umuganda.

Limebaki suala la lugha, ambalo mkutano huu una uwezo nalo. Tangu Bunge la Rwanda lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nyaraka za miundombinu za pande mbili za mpaka huu zitazidi kuandikwa au kutafsiriwa kwa Kiswahili. Goma husema kanivo, kutokana na Kifaransa. Kigali husema ruhurura kwa mfereji mkubwa wa mjini na umuferege kwa mdogo. Dar es Salaam husema mtaro. Istilahi hizo zinaweza kupatanishwa bila taabu. Neno lisilo na mwenzake ni umuvu. Napendekeza Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipokee lilivyo, likae katika ngeli ya m-/mi- pamoja na mto na mfereji, na litumike katika usanifu wa barabara za mlimani kutaja maji ambayo mhandisi atatakiwa kuonyesha kwenye mchoro wake yanatoka shamba gani na, baada ya karavati, yanaingia shamba gani.