Akipata uvimbe, aende wapi?

Oktoba mwaka jana nilitoa video fupi. Wale mmekuwa hapa kitambo mnaikumbuka: fulana ya pinki, muziki chini kwa chini, mimi kijana wa kiume nikiwaambia wasichana wajipapase matiti kila mwezi wakioga. Nikamalizia na "kujua mapema ni kupona" na kamoyo ka pinki. Ilitazamwa kuliko video yoyote nimewahi kutoa. Nikajiona daktari.

Siku mbili baadaye nesi mmoja akaniandikia inboksi. Hakunitusi. Aliuliza tu: "Sawa, na akipata uvimbe, aende wapi?"

Sikuwa na jibu. Na aibu kubwa zaidi ni kwamba shangazi yangu wa damu alikuwa anazunguka na swali hilo hilo mwaka huo huo. Nitarudi kwake.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata kabla niache sikuwa nasomea udaktari. Kwa hivyo hii si dawa, ni historia. Lakini kusoma hakukukatazwa. Nimesoma vile watu wamekuwa wakiitafuta kansa ya matiti tangu zamani, na kitu kimoja kinajirudia hadi kinaudhi. Kila kifaa kipya kikija, watu wanauliza haraka haraka: kinaona? Inachukua miaka mingi kabla mtu aulize: kinaokoa? Hayo ni maswali mawili tofauti. Kuna kitu kinaweza kuona vizuri sana na mtu bado afe.

Tuanze na mkono, kwa sababu ndio kifaa cha kwanza. Kuna hati ya mafunjo ya Misri iliyoandikwa karibu mwaka 1600 kabla ya Kristo, inaitwa mafunjo ya Edwin Smith kwa jina la Mmarekani aliyeinunua. Humo daktari anaeleza uvimbe wa titi: auguse, ahisi kama una joto au ni baridi, ahisi ugumu wake. Akifika kwa matibabu, anasema hakuna. Huyo jamaa aliona vizuri kabisa. Hakuweza kuokoa. Na kwa zaidi ya miaka 3,000 baada yake, mkono ndio ulikuwa mashine.

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen akagundua eksirei. Mwaka 1913 mpasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alipiga eksirei matiti karibu 3,000 ambayo yalikuwa yameshakatwa, akalinganisha picha na kile hadubini ilionyesha. Akathibitisha kwamba kansa inaacha alama kwa picha. Salomon alikuwa Myahudi. Wanazi wakamtoa kazini na akakimbilia Uholanzi. Binti yake Charlotte, mchoraji, aliuawa Auschwitz mwaka 1943. Kazi ikaendelezwa na wengine. Stafford Warren kule Marekani alipiga picha matiti ya wanawake walio hai mwaka 1930. Raúl Leborgne wa Uruguay akaonyesha mwaka 1949 kwamba ukilibana titi, picha inatoka safi zaidi, na hiyo ndiyo sababu mpaka leo ile mashine inabana hadi mtu anakunja uso. Mwaka 1960 Robert Egan, kule Houston, akatoa njia ambayo hospitali zingine zingeweza kuiga. Mamografia ikawa kitu cha kweli.

Inaona? Ndio. Inaona hata punje za kalsiamu ambazo hakuna kidole kinaweza kuhisi. Inaokoa? Hapo hakuna aliyejua.

Mtu aliyeamua kujua ni daktari Philip Strax wa New York. Mke wake, Bertha, alikufa kwa kansa ya matiti mwaka 1947 akiwa na miaka 39. Mwaka 1963 Strax na wenzake, Sam Shapiro na Louis Venet, wakaanza jaribio ndani ya mpango mmoja wa bima ya afya pale New York. Walichukua wanawake kama 62,000 wa miaka 40 hadi 64, wakawagawa kwa bahati nasibu. Nusu wakaitwa kila mwaka kupimwa kwa eksirei na kwa mkono wa daktari. Nusu nyingine wakaendelea na maisha na madaktari wao wa kawaida. Wakatumia hata magari yenye mashine ndani, wawafuate wanawake karibu na kazini, kwa sababu Strax alielewa kwamba mtu hawezi kupoteza siku nzima ya mshahara kwa kipimo.

Baada ya kama miaka kumi, vifo vya kansa ya matiti kwa wale walioitwa vilikuwa vimepungua kwa karibu asilimia 30. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuonyesha hivyo kwa kulinganisha, si kwa kudhani. Na kuna kitu watu husahau wakiisimulia: nyingi za kansa zile zilishikwa na mkono, si picha. Vilikuwa vitu viwili pamoja, na nyuma yake daktari wa kutibu.

Sasa tuongee kuhusu kile kinatokea baada ya kuona, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu iko.

Picha haiwezi kusema "hii ni kansa." Mkono hauwezi. Jibu linatoka kwa biopsi peke yake: unatolewa kipande kidogo cha nyama, mtaalamu anakiangalia kwa hadubini. Lakini kwa miaka mingi Marekani, mwanamke akiwa na uvimbe alilazwa, akawekewa dawa ya usingizi, biopsi ikafanywa akiwa pale pale mezani, na ikionekana kansa titi likakatwa hapo hapo. Yaani unalala bila kujua utaamka na nini. Unajipapasa kifua ndio ujue matokeo. Hebu fikiria mamako hapo.

Mwaka 1974 mwandishi wa habari Rose Kushner alipata uvimbe akakataa mpango huo. Alipiga simu kwa wapasuaji wengi akitafuta mmoja tu wa kumfanyia biopsi halafu amwache aamke afikirie. Mwaka huo huo, Septemba, mke wa rais wa Marekani, Betty Ford, alilazwa na kufanyiwa vyote kwa wakati mmoja. Alipotangaza hadharani, wanawake walimiminika hospitalini kupimwa. Hiyo ilikuwa nguvu ya mtu maarufu kusema, na siidharau. Kazi yangu yote ni kutumaini kwamba maneno yanasukuma watu. Lakini ni Kushner, ambaye watu wachache wanamjua, aliyeng'ang'ana na jambo lenye halikuwa na muziki wala moyo wa pinki: biopsi iwe siku yake, upasuaji siku yake. Mwaka 1979 jopo la taasisi za afya za taifa la Marekani likakubaliana na hilo.

Baada ya hapo ikaja miaka ya kubishana. Sweden ilianza jaribio mwaka 1977 katika kaunti mbili, na mwaka 1985 ikatangaza vifo vimepungua kwa asilimia 31. Uingereza ikaanzisha mpango wa taifa mwaka 1988. Canada nayo ikafuata karibu wanawake 90,000, na mwaka 2014, baada ya miaka 25, ikasema haikuona tofauti ya vifo. Wataalamu wakarushiana maneno: mashine zenu zilikuwa mbovu, hapana, nyinyi matibabu yenu yalikuwa ya zamani. Mwaka 2012 jopo huru la Uingereza lililoongozwa na Michael Marmot lilikuwa limeshapima pande zote mbili: mamografia inaokoa maisha, lakini kwa kila mwanamke mmoja anayeokolewa, karibu watatu wanatibiwa kansa ambayo isingewahi kuwasumbua maishani. Kukatwa, kuchomwa miale, kuogopa, kwa kitu ambacho kingelala tu.

Kwa hivyo hata mashine bora ina bei. Si pesa peke yake.

Tufike kwa video yangu sasa. Shanghai, kati ya 1989 na 1991, wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo waliingizwa kwenye jaribio. Nusu walifundishwa kujipima wenyewe, na si kwa video ya sekunde 40. Walifundishwa kwa vitendo, wakakumbushwa mara kwa mara, wakajipima mbele ya wahudumu wa afya. Wakafuatiliwa kwa kama miaka kumi. Waliofundishwa walikufa 135 kwa kansa ya matiti. Wasiofundishwa, 131. Hakuna tofauti. Kilichoongezeka ni biopsi za uvimbe ambao haukuwa kansa.

Nilipoisoma hiyo nilifunga simu nikatoka nje.

Usinielewe vibaya. Hiyo haimaanishi usiujue mwili wako. Wengi wanaopata uvimbe wanaupata wenyewe, kwa bahati, wakivaa au wakioga, na ukihisi kitu kipya, ngozi kuingia ndani, chuchu kutoa damu, unaenda kuonwa, mwisho wa hadithi. Inamaanisha tu kwamba ratiba ya kujipapasa kila mwezi haipunguzi vifo yenyewe.

Lakini kuna Mumbai. Kuanzia 1998 hospitali ya Tata Memorial ilifuata wanawake 151,538 wa mitaa ya watu wa kipato cha chini. Hawakuletewa mamografia. Walifundishwa wahudumu wa afya wanawake, wakawa wanawapima wenzao matiti kwa mkono kila baada ya miaka miwili, na wenye shida wakaelekezwa hospitalini. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kansa zilishikwa zikiwa bado changa, na kwa wanawake wa miaka 50 kwenda juu vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya 50, vifo havikupungua. Mkono ule ule wa Misri, jamani. Tofauti ni kwamba ulikuwa mkono uliofunzwa, ukirudi tena na tena, na nyuma yake kuna mlango ulio wazi.

Kwa hivyo tukipima kila njia kwa mizani: mamografia ina ushahidi mkubwa kwa wanawake wa miaka 50 hivi kwenda juu, Marekani mwaka 2024 walishusha ushauri wao uanze miaka 40, kila miaka miwili. Kwa wasichana wa umri wetu haifai sana kama kipimo cha kila mtu, kwa sababu titi changa ni zito, linatokea jeupe kwa picha, na kansa pia ni nyeupe. Ndio maana daktari akikuona na miaka 23 ataanza na altrasaundi, ambayo haina mionzi na inatofautisha mfuko wa maji na uvimbe mgumu. MRI ni ya wale wenye hatari kubwa, kama walioridhi jeni mbovu ya BRCA; kama mama au dada yako aliugua akiwa mdogo, hiyo mwambie daktari mapema. Na vyote hivyo ni vya kushuku tu. Biopsi ndiyo inatoa jibu.

Sasa shangazi.

Ana miaka 44. Alihisi uvimbe Januari. Hakuwa ameona video ya mtu. Kliniki ya kwanza ikamwambia ni homoni, ikampa dawa za maumivu. Machi akaenda kwingine, akafanyiwa altrasaundi, akaambiwa aende hospitali kubwa. Huko mashine ya mamografia ilikuwa imeharibika, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi. Biopsi ilifanywa Juni, kwa pesa za harambee ya kikundi cha WhatsApp cha familia, na mimi nilichanga mia tano. Matokeo yakapotea, yakapatikana. Agosti ndio akaambiwa: kansa, hatua ya tatu. Miezi saba. Yuko hai, anaendelea na matibabu, na ndiye aliyeniruhusu niandike. Aliniambia, "Andika, lakini usiseme sikujua mapema. Mimi nilijua mapema. Ni wao walijua wakiwa wamechelewa."

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpango wake wa kansa ya matiti, na moja ya malengo ni rahisi kukumbuka: kutoka siku mwanamke anafika hospitalini na dalili hadi apate jibu, zisipite siku 60. Shangazi alipitisha mia mbili. Kenya, kwa makadirio ya IARC ya mwaka 2020, ilipata wagonjwa wapya 6,799 wa kansa ya matiti, na 3,107 wakafa. Si wote hao walikosa kujipapasa.

Tunapenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa. Lakini shangazi aliuona ufa Januari. Alikuwa amesimama hapo na mwiko mkononi, akisubiri simenti hadi Agosti.

Kwa hivyo Oktoba hii sitavaa pinki. Nitafanya kazi ndogo na ya kuchosha: nitapigia hospitali za kaunti yangu, niulize wapi altrasaundi inafanya kazi, nani anafanya biopsi, ni pesa ngapi, SHA inalipa nini, matokeo yanachukua siku ngapi. Nitaweka hapa orodha, na zile zenye hazijibu simu pia nitaziweka. Wewe fanya ya kaunti yako. Na mwakilishi wako wa wodi akija kupiga picha na utepe wa pinki, muulize lile swali la nesi, halafu uulize tena: akipata uvimbe, aende wapi, na ni siku ngapi?