Kamera za Zamani na Majina ya Wazee Wetu



Tangu nilipostaafu utumishi wa serikali nimekuwa nikikusanya kamera za mkanda. Nyingi nilizinunua katika soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle, hapa Brussels. Naishi Laeken, karibu na kasri la wafalme wa Ubelgiji, na ujirani huo ndio ulionifanya niitazame kamera kama chombo cha historia.

Leopold wa Pili aliishi katika kasri hilo, akaitawala Kongo tangu mwaka 1885 bila kuikanyaga kamwe. Mwezi Mei 1904, katika misheni ya Baringa, Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala wa Wala. Baba huyo ameketi, anautazama mkono na mguu wa bintiye Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha za mama huyo zilioneshwa kwa taa katika mikutano ya Uingereza na Marekani. Pamoja na ripoti ya Roger Casement ya mwaka huohuo, ziliuamsha ulimwengu, na mwaka 1908 mfalme akalazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Angalieni jambo moja: majina yaliandikwa. Ndiyo maana hata leo twamtaja Nsala, twamtaja na Boali.

Sasa nirudi nyumbani kwetu. Marehemu baba, akiwa karani Bukavu, alikuwa na Gevabox, kamera ya sanduku ya Gevaert, kampuni iliyoanzishwa na Lieven Gevaert mwaka 1894 na kuwa na kiwanda chake Mortsel, karibu na Antwerp. Mkanda mmoja wa namba 120 ulitoa picha nane tu. Kwa hiyo baba hakupiga ovyo. Vita vilipofika Bukavu, Oktoba 1996, tuliondoka mikono mitupu, na albamu ikapotea pamoja na nyumba. Imesalia picha moja, kwa kuwa baba alikuwa amempelekea shangazi nakala Kigoma. Ina watu watano. Babu, bibi na baba twawajua. Watoto wawili waliosimama kando hatuwajui, na nyuma ya picha hapana hata neno moja.

Picha hiyo nitakuja nayo mkutanoni. Nawasihi wazee waitazame kwa makini, maana waliobaki wenye kuweza kutujibu ni wachache.

Nitakuja pia na Gevabox niliyoipata sokoni, mfano wa ile ya baba. Mkanda wa namba 120 ungali unatengenezwa. Tutapiga picha nane, wazee wakiwa mbele. Kila nakala itaandikwa majina kwa penseli nyuma yake, na kila nyumba itapewa seti yake, ili moto wa mahali pamoja usituteketezee kumbukumbu zote tena.

Mungu atukutanishe salama.